Moyo wa Jodha, merikebu ya Mariam

Sebuleni kwa jirani yangu hapa Mpumudde, Jinja, kuna ubishi ambao haujaisha tangu tamthilia ya Jodha na Akbar ilipoingia mtaani. Hajati, muuza vitenge na magomesi sokoni, anashikilia kwamba yule binti wa Kihindu aliuzwa na baba yake kama ng'ombe, na hata Akbar angempenda vipi, aliyeuzwa ameuzwa. Nalongo hataki kusikia. Yeye ni Mprotestanti aliyeolewa na Mwislamu, na huu ni mwaka wao wa kumi na tisa. "Hukuona alivyokaza mpaka akaachiwa miungu yake ndani ya ikulu? Mimi Biblia yangu iko juu ya kabati, na hakuna aliyewahi kuniambia niitoe." Hajati akacheka. "Biblia iko juu ya kabati kwa sababu kabati ni lako, Nalongo. Ulikuja nalo."

Lile kabati nimeliwaza kuliko nilivyoiwaza tamthilia. Watu wakizungumzia ndoa ya binti wa Kihindu na mfalme wa Kiislamu hupenda kuuliza kama walipendana, kama alilazimishwa, kama alibadili dini. Maswali hayo yana utamu wake, lakini Hajati alikuwa amegusa penye kidonda: binti alikuja na nini, na kilibaki mikononi mwa nani?

Tuanze na jina, maana hata hilo si lake. Katika Akbarnama, historia kubwa ya utawala wa Akbar, mfalme wa India wa nasaba ya Mughal, iliyoandikwa na Abul Fazl, hakuna mke anayeitwa Jodha. Hayumo pia katika kumbukumbu alizoandika mtoto wa Akbar, Jahangir. Jodh Bai, yaani bibi wa Jodhpur, alikuwa mkwe wa binti tunayemzungumzia: mke wa Jahangir na mama wa Shah Jahan, yule aliyejenga Taj Mahal. Majina yakachanganyika baadaye, na James Tod, afisa wa Kiingereza aliyechapisha historia ya Rajasthan kati ya 1829 na 1832, ni miongoni mwa wanaolaumiwa kwa kulieneza kosa hilo. Sinema ikamalizia. Mughal-e-Azam ya 1960 ilimwita Jodha, na Ashutosh Gowariker alipotoa Jodhaa Akbar mwaka 2008, vikundi vya Warajputi, jamii ya kivita aliyotoka binti huyo, viliipinga vikali huko Rajasthan, hoja mojawapo ikiwa jina hilohilo. Mapokeo yanamwita Harkha. Ikulu ilimpa cheo, Mariam-uz-Zamani, yaani Mariam wa zama hizi, na ndicho kinachoonekana kwenye nyaraka. Wanawake wa nyumba ya mfalme hawakutajwa kwa majina. Cheo kilikuwa pazia la pili. Wala tusiwacheke. Nalongo naye ni cheo, cha mama aliyezaa pacha, na jina lake la kuzaliwa nililisikia mara ya kwanza siku ya mazishi ya baba yake, liliposomwa katika orodha ya watoto wa marehemu.

Sasa ndoa yenyewe. Mwanzoni mwa 1562 Akbar alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, yuko safarini kwenda Ajmer kuzuru kaburi la Khwaja Muinuddin Chishti. Raja Bharmal wa Amber, ufalme mdogo karibu na mahali ulipo mji wa Jaipur leo, alikuwa amebanwa huku na huku. Ndugu wa ukoo wake walikitaka kiti chake, na liwali wa Akbar katika eneo lile, Sharafuddin, alikuwa amewashika jamaa zake rehani mpaka kodi ilipwe. Bharmal akaenda mwenyewe mbele ya mfalme, akajisalimisha, akatoa na binti. Harusi ilifanyika Sambhar, kando ya ziwa la chumvi, mwezi Februari, mfalme akiwa njiani kurudi. Wale walioshikwa rehani wakaachiwa. Kaka wa bibi harusi, Bhagwant Das, na mtoto wa kaka huyo, Man Singh, wakaingia katika jeshi la Akbar na kupanda ngazi mpaka karibu na kilele.

Mwaka uliofuata Akbar alifuta kodi waliyotozwa mahujaji wa Kihindu, na mwaka 1564 akafuta jizya, kodi ya wasio Waislamu. Wapenzi wa hadithi huziweka hatua hizo mikononi mwa bibi harusi, kana kwamba zilitoka chumbani. Mimi naona zaidi mkono wa mfalme kijana aliyezungukwa na makamanda wa Kituruki na Kiajemi ambao hakuwaamini sana. Alihitaji wapanda farasi ambao hawakuwa na ndugu ng'ambo ya Kabul. Warajputi walikuwa nao. Binti alikuwa muhuri wa mkataba huo, na muhuri hauandiki barua, ingawa barua isiyo na muhuri haifiki.

Hapa ndipo Mpumudde inaponisaidia kuisoma India. Si Warajputi wote waliotoa mabinti. Nyumba ya Mewar ilikataa katakata. Ngome yao ya Chittor ikaanguka mwaka 1568, na Rana Pratap akaendelea kupigana kutoka milimani. Kwenye vita vya Haldighati, mwaka 1576, aliyeongoza jeshi la Akbar dhidi yake alikuwa Mhindu mwenzake, Man Singh wa Amber. Mtu wa hapa akisikia hivyo hahitaji kufafanuliwa. Omukama, yaani mfalme, Kabalega wa Bunyoro alikataa, akapigana na Waingereza miaka kadhaa, na mwaka 1899 akakamatwa huko Lango na kikosi ambamo Waganda waliongozwa na Semei Kakungulu. Risasi ilimharibu mkono, ukakatwa. Akapelekwa Shelisheli, akabatizwa Yohana, akazeeka huko. Aliporuhusiwa kurudi, mwaka 1923, alifika Jinja na kufia kwenye kilima hiki mwezi Aprili, kabla hajaiona Bunyoro. Husimuliwa kwamba jina Mpumudde limetokana na hapo: nimepumzika. Kaburi lake liko Mparo, Hoima.

Kakungulu, Man Singh wetu, alielekea mashariki, akaijenga Mbale, na ajabu ya mambo ni kwamba yeye ndiye aliyehangaika na dini kuliko wote: kutoka Uprotestanti akaingia dhehebu la Wamalaki, na mwaka 1919 akaanzisha jamii ya Wayahudi Waganda, Abayudaya, ambayo bado ipo kandokando ya mji huo. Man Singh wa India hakwenda mbali hivyo. Mwandishi Badauni anasimulia kwamba Akbar alipomdokezea ajiunge na mwelekeo wake mpya wa kiroho, Man Singh alimjibu kwamba yeye ni Mhindu, na kama ni amri basi atakuwa Mwislamu, lakini njia ya tatu haijui. Jibu la namna hiyo mbele ya mfalme hutolewa na mtu mwenye maelfu ya wapanda farasi nyuma yake. Na nadhani shangazi yake aliyekuwa ndani ya haremu aliishi kwa kivuli cha farasi haohao.

Maana alibaki na ibada zake, angalau kwa miaka mingi. Badauni, mwanachuoni wa Kisunni aliyekasirishwa na karibu kila kitu alichokiona ikuluni, analalamika kwamba mfalme, kwa kuwaridhisha wake zake mabinti wa marajah, alikuwa akishiriki ibada ya moto ndani ya nyumba ya wanawake. Lalamiko la adui ni ushahidi mzuri. Badauni hakuwa na sababu ya kuwapamba wanawake hao. Wanasheria wa Kiislamu nao walikuwa na kesi ngumu. Qurani imemruhusu Mwislamu kuoa mwanamke wa Ahlul Kitabu, na Wahindu kuhesabiwa humo ni jambo ambalo maulamaa wengi hawakulikubali. Isitoshe mfalme alikuwa na wake kupita wanne. Katika mijadala aliyoianzisha huko Fatehpur Sikri baada ya 1575, swali la idadi ya wake lilizuka, na ufumbuzi ukatafutwa kwenye mut'a, ndoa ya muda, kwa kumteua kadhi wa madhehebu ya Maliki aliyekuwa tayari kuipitisha. Tamthilia imeyaruka haya yote. Inasikitisha, kwa sababu kumwona mfalme akitafuta kadhi wa kumfaa ni kichekesho ambacho Hajati angekifurahia kuliko nyimbo.

Je, mwishowe alisilimu? Ushahidi unavutana. Cheo chake ni cha Kiislamu, lakini vyeo vya ikulu vilitolewa bila kumuuliza mtu imani yake. Msikiti wa Begum Shahi mjini Lahore, uliojengwa kati ya 1611 na 1614, unabeba jina lake. Na alipofariki, Mei 1623, miaka mia tatu kasoro mwezi mmoja kabla ya Kabalega kufia hapa kwetu, hakuchomwa kama desturi ya Kihindu inavyotaka. Alizikwa Sikandra, nje ya Agra, si mbali na kaburi la mumewe. Wanaosema alisilimu huanzia kaburini. Wanaosema hakusilimu hukumbusha kwamba maiti haichagui mazishi yake, na kwamba aliyemzika alikuwa mwanawe, mfalme wa Kiislamu aliyekuwa na jina lake mwenyewe la kulinda. Mimi naegemea upande wa pili, japo si kwa nguvu. Nimeona misiba ya mtaani kwetu ambapo mwili ulikuwa bado haujapoa na pande mbili za ukoo zinagombania kama uende msikitini au kanisani. Aliyeshinda alikuwa mwenye gari la kubebea.

Lakini kuna upande wake mmoja usio na fumbo, nao tamthilia haikuugusa. Mariam-uz-Zamani alikuwa mfanyabiashara.

Zao kubwa la Bayana, mji ulio kusini-magharibi ya Agra, lilikuwa nili, ile rangi ya buluu ya kutia nguo. (Sisi tunaokaa kando ya mto Naili tunaweza kuchanganyikiwa na sauti, ila ni mambo mawili.) Nili ya Bayana ilikuwa na sifa mpaka Ulaya. Mnamo 1610 wakala wa Mariam alikuwa Bayana akinunua mzigo wa kupakia kwenye merikebu yake iendayo Mocha, bandari ya Yemen. Bei ilikuwa karibu kufungwa. Akatokea Mwingereza mmoja, William Finch, mtu wa Kampuni ya Mashariki ya India, akaongeza dau kidogo na kuondoka na nili. Kwa macho ya Finch ile ilikuwa biashara ya kawaida, mwenye pesa nyingi ndiye mnunuzi. Kwa macho ya Agra, mgeni asiye na kwao alikuwa amempandia dau mama wa mfalme. Mariam akamshtakia mwanawe. Bosi wa Finch, William Hawkins, aliyekuwa mjumbe wa Waingereza ikuluni na aliyependwa na Jahangir mpaka akaozwa mke, alikuwa na maadui wengine pia, lakini kisa cha nili kilimmaliza. Mwisho wa 1611 aliondoka Agra bila kile alichotumwa kukitafuta. Waingereza walijifunza kwa hasara kwamba ndani ya ile nyumba ya wanawake kulikuwa na tajiri mwenye mawakala, na tajiri huyo alikuwa bibi mzee aliyezaliwa Mhindu.

Merikebu yake iliitwa Rahimi. Ilikuwa miongoni mwa vyombo vikubwa kabisa vya India katika Bahari ya Sham, na kazi zake zilikuwa mbili kwa pamoja: bidhaa na mahujaji. Yaani binti wa raja wa Amber ndiye aliyewavusha Waislamu kwenda Makka. Na kwa kuwa Wareno walidai bahari ni yao, kila chombo kilibidi kinunue kwao cheti cha kupita, kartazi, vinginevyo kinatekwa. Pwani yetu ya Afrika Mashariki iliijua sana karaha hiyo. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ajili ya ubabe huohuo. Maulamaa wa India waliwahi kubishana kama hija ni faradhi kweli ikiwa mtu lazima asafiri na cheti chenye picha ya Yesu na Mariamu. Tulipange jambo hili vizuri tulione: Waislamu wanakwenda hija ndani ya chombo cha mwanamke wa Kihindu, wakilindwa na karatasi ya Wakatoliki yenye sura ya Bikira Mariamu, na mwenye chombo naye anaitwa Mariam. Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kubuni hivyo.

Mwaka 1613, karibu na Surat, Wareno waliiteka Rahimi ingawa cheti ilikuwa nacho. Ilikuwa na watu kama mia saba ndani, na Waingereza wa wakati ule waliukadiria mzigo kuwa wa pauni laki moja. Ikakokotwa mpaka Goa. Wafalme wa Mughal hawakuwa watu wa bahari. Meli za wafanyabiashara zilitekwa mara kwa mara na ikulu ikanyamaza. Safari hii Jahangir hakunyamaza. Alisimamisha biashara ya Wareno Surat, akaagiza mji wao wa Daman uzingirwe, kanisa la Wajesuiti Agra likafungwa, na posho za mapadri zikakatwa. Wanahistoria hutaja sababu nyingi, na bila shaka Waingereza waliokuwa wakingojea mlangoni walisaidia kuchochea. Lakini chombo kilikuwa cha mama. Miaka hamsini na moja baada ya harusi ya Sambhar, yule binti aliyekuwa muhuri wa mkataba wa wanaume alikuwa sababu ya mfalme kuzingira mji.

Amber waliuona mchezo huu mapema, na mtu wa Buganda angeuelewa bila mkalimani. Kabaka hufuata ukoo wa mama yake, tofauti na Waganda wengine wote wanaofuata ukoo wa baba. Kwa hiyo zamani kila ukoo ulitamani kuwa na binti ndani ya lubiri, kasri la Kabaka, si kwa sababu ya mapenzi ya Kabaka, bali kwa sababu ya mtoto anayeweza kuzaliwa. Mke ni mmoja kati ya wengi. Namasole, mama wa Kabaka, ni mmoja tu, ana kasri lake, watumishi wake, ardhi yake. Akbar alioa mabinti wengine wa Kirajputi, wa Bikaner na wa Jaisalmer, mwaka 1570, nao wamesahaulika. Binti wa Amber hakusahaulika kwa sababu mwezi Agosti 1569 alijifungua Salim, kule Sikri, karibu na makazi ya Shekhe Salim Chishti ambaye Akbar alimwomba dua ya mtoto. Salim ndiye aliyekuja kuwa Jahangir mwaka 1605. Kuanzia hapo bibi huyo alikuwa namasole hasa. Sherehe ya kumpima mfalme kwa mizani, dhahabu upande mmoja na mwili wake upande wa pili, ilifanyiwa nyumbani kwa mama yake. Nguvu zake zilikuja kwenye ujane. Uke wenza ulikuwa ngazi ya kufikia hapo, na waigizaji wa tamthilia, wote vijana na wazuri, wanaishia kwenye ngazi.

Afrika Mashariki tuna kioo cha kisa hiki, ila sura imegeuzwa. Eleni alikuwa binti wa mtawala wa Hadiya, dola ya Kiislamu kusini mwa Ethiopia, akaingia kwa ndoa katika nyumba ya mfalme Mkristo Zara Yaqob, aliyetawala kuanzia 1434 hadi 1468. Yeye alibatizwa, na akaijua dini mpya kuliko waliozaliwa nayo. Alikuwa na mashamba makubwa Gojjam, akajenga huko kanisa la Martula Maryam. Miaka mingi baadaye, mwaka 1508, mtoto Lebna Dengel alipowekwa kwenye kiti, bibi huyu mzee ndiye aliyeshika hatamu, na akamtuma mjumbe, Mateus, mpaka Ureno kutafuta msaada dhidi ya dola za Kiislamu zilizokuwa zikiibana Ethiopia. Binti wa Waislamu anawaita Wareno waje. Miaka mia moja baadaye binti wa Wahindu anatekewa chombo na Wareno haohao. Dini zao zilikwenda njia tofauti, mmoja alihama na mwingine, kwa maoni yangu, hakuhama. Kilichowafananisha ni mashamba na merikebu, mali iliyosimama kwa jina la mwanamke mwenyewe.

Anayeonyesha ukosefu wa hayo ni Sayyida Salme wa Zanzibar, binti wa Sayyid Said. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, mwaka uliofuata akabatizwa Emily na siku hiyohiyo akafunga ndoa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa ya mapenzi, ile ambayo Nalongo anaitafuta kwenye runinga. Mwaka 1870 mume aligongwa na tramu huko Hamburg, akafa. Salme akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi, hana kaka wa kumtetea, hana mwana mwenye kiti. Alirudi Zanzibar mara mbili, 1885 na 1888, kudai urithi wake. Hakupewa alichokidai. Akaandika kitabu, ambacho leo tunakishukuru, na aliyeandika kitabu kwa ajili ya kula si sawa na mwenye merikebu.

Na Uganda? Mtu wa Busoga hawezi kuumaliza mjadala huu bila Malyamu Kibedi. Jina lake ni Mariam lilelile kwa matamshi ya huku. Binti wa mwalimu wa shule, wa Busoga, mrefu wa kupendeza, aliolewa na Idi Amin kabla Amin hajawa mtawala. Amin alipotwaa nchi mwaka 1971, kaka yake Malyamu, Wanume Kibedi, akawa waziri wa mambo ya nje. Bhagwant Das wa Busoga, tungeweza kusema. Mwaka 1973 kaka akaacha uwaziri na kuikimbia nchi. Machi 1974 redio ikatangaza kwamba rais amewaacha wake zake watatu kwa mpigo, Malyamu, Kay na Nora. Haikupita miezi miwili Malyamu akashikwa Tororo, akidaiwa kuvusha kitambaa kwenda Kenya. Mariam wa Agra alipodhulumiwa nili mfalme aliwapa Waingereza kisogo. Mariam wa Busoga alidaiwa jora la kitambaa mpakani na dola ikamtia ndani. Katikati ya hayo mawili kuna kaka aliyebaki na kaka aliyeondoka.

Jinja ina hadithi nyingine, ya ndoa ambayo haikufungwa. Amin aliwahi kuwalaumu Wahindi hadharani, mwezi Desemba 1971, kwamba hawawaozi Waafrika binti zao. Alipowafukuza mwaka uliofuata, na kuwapa siku tisini, uvumi ulizagaa kwamba chanzo ni mjane wa Kihindu wa familia ya Madhvani, wenye sukari ya Kakira, ambaye rais alimtaka akakataliwa. Wazee wa hapa husimulia kana kwamba walikuwa chini ya kitanda. Sina haja ya kuamini kwamba maelfu ya watu waliondolewa nchini kwa sababu ya posa moja. Siasa ya maduka na viwanda ilitosha kabisa. Kinachonivutia ni jinsi uvumi ulivyopenda kurudi palepale, kwa binti wa Kihindu na mtawala wa Kiislamu, na kuigeuza hesabu ya mali kuwa kisa cha moyo. Bollywood nayo ilifanya hivyohivyo, na kwa bajeti kubwa zaidi. Ilimpa Jodha moyo ambao hakuna aliyeuona, ikamnyang'anya daftari ambalo Wareno na Waingereza walilijua vizuri.

Sisemi kwamba hawakupendana. Huenda walipendana sana. Watu hupendana katika mazingira ya ajabu, na Nalongo na mumewe ni ushahidi ninaoupita kila asubuhi, wakigombania nani amwage maji ya kuku. Ndoa yao haikumsumbua kadhi wala mchungaji, ilimalizwa na wazee wa pande mbili na mbuzi watatu, ingawa sheria za ndoa tulizorithi zinatupanga kwa dini zetu, Waislamu na yao ya 1906, Wahindu na yao ya 1961. Watoto wao wana majina mawiliwili. Idi wanakula pilau, Krismasi wanakula matoke na kuku, na anayefurahi zaidi ni yule mdogo, ambaye hajajua bado kwamba kuna watoto wanaosherehekea mara moja tu.

Juzi umeme ulikatika katikati ya kipindi, Akbar akiwa ndiyo kwanza anashuka kwenye tembo. Katika giza lile nikawasimulia wanawake habari ya Bayana: wakala, bei iliyokaribia kufungwa, Mwingereza aliyeongeza dau kidogo na kuondoka na mzigo. Nalongo alisikiliza kwa adabu, akangoja sehemu ya mapenzi. Hajati alikuwa ameinuka kwenye mkeka. Wiki ile ile, huko Kikuubo, Kampala, kijana mmoja alikuwa amempandia dau kwenye majora ya kitenge aliyokwisha kuyawekea mkono.

"Na huyo Mzungu," akauliza, "walimfukuza kweli?"

"Bosi wake aliondoka mikono mitupu."

Akakaa chini tena. Nikasikia anatafuta viatu vyake kwa mguu. "Huyo mama," akasema, "tungeelewana."